Mwanaidi ana jaribio la Fizikia Jumatatu: shajara ya katuni yangu

Jumamosi, 7 Februari

Leo nimechana kurasa sita. Si kwa hasira. Nimezichana taratibu, pande zilizo nyeupe nikaziweka kwa ajili ya michoro ya rafu, maana karatasi nzito ya A3 hainunuliki kama njugu. Nilikuwa na kurasa tisa za penseli, zimebaki tatu, na toleo la kwanza linatakiwa liwe na kurasa 24.

Kwa anayeanza kunifuatilia leo: mchana naandika mabango na kuchapa fulana hapa Ngamiani. Usiku nachora hii katuni. Shujaa wangu anaitwa Mwanaidi, ana miaka 16, yuko kidato cha tatu hapahapa Tanga, na giza likiingia anaokoa watu baharini. Jana nilimpa mpwa wangu azisome kurasa hizo. Naye yuko kidato cha tatu, kwa hiyo nilijua atasifia michoro. Alizipitia zote, akarudi ukurasa wa pili, akauliza:

"Mjomba, huyu Mwanaidi anasoma saa ngapi?"

Nikamwonyesha kisanduku cha darasani.

"Hapa amekaa tu anaangalia nje. Nauliza anasoma saa ngapi. Na kufua? Kwao maji anachota nani?"

Kisha akaweka kidole ukurasa wa nne, pale Mwanaidi anapofungua dirisha la chumba chake saa tano usiku na kurukia paa la jirani. "Hiki chumba analala peke yake?" Nikatazama. Dirisha lenyewe nimelichora halina nondo. Nimezaliwa Ngamiani, nimekulia Ngamiani, na sijawahi kuona dirisha la chumba cha kulala lisilo na nondo. Mkono ulikuwa unachora nyumba ya Marekani, mimi nimeupa tu jina la mtaa wetu.

Basi, sita chini.

Jumatano, 11 Februari

Nimerudi kwa waliotangulia. Safari hii sikuangalia misuli wala namna ya kuchora ngumi. Nimeangalia saa zao na vyumba vyao.

Peter Parker, yaani Spider-Man, alitokea Agosti 1962, Stan Lee akiandika na Steve Ditko akichora. Kabla yake kijana kwenye katuni za mashujaa mara nyingi alikuwa msaidizi wa mtu mzima, kama Robin wa Batman aliyeanza 1940. Parker hakuwa na bosi wa kumwambia nenda kulia au kushoto. Alikuwa na miwani, mabega yaliyoinama, na deni la nyumba. Ditko alijua kuchora mtoto wa shule aliyechoka. Sekondari alimaliza kwenye toleo la 28, mwaka 1965, kwa hiyo wasomaji wa mwanzo walisoma naye shule miaka mitatu hivi. Hela anapata kwa kumuuzia mhariri wa gazeti picha za yeye mwenyewe akipigana, na mhariri huyo anamchukia shujaa aliyemo kwenye picha. Anaishi na May, mke wa ndugu ya baba yake. (Kwao neno moja tu la Kiingereza linatosha. Mimi nilikaa dakika kumi nikijiuliza nikimtafsiria mpwa niseme mama mkubwa au mama mdogo.) Lakini Parker ana chumba chake, ghorofani, na dirisha. May akilala, mambo yameisha.

Miles Morales, Spider-Man mwingine, alikuja 2011. Shule yake aliipata kwa bahati nasibu, namba yake ikatoka kwenye mpira, na ni shule ya kulala. Bweni maana yake ni kulala na mwenzio chumba kimoja. Rafiki yake Ganke anajua siri karibu tangu mwanzo.

Kamala Khan, yaani Ms. Marvel, msichana wa Jersey City ambaye wazazi wake wametoka Pakistani, alianza kitabu chake mwenyewe 2014. Huyu ndiye jirani yangu wa karibu kuliko wote. Kutoka usiku ni kesi, kaka yupo, msikiti upo, wageni hawaishi, na baba anauliza ulikuwa wapi kabla hujavua viatu. Anapokuja kumwambia mama yake ukweli, kumbe mama anajua kitambo.

Nikaandika ukutani kwa chaki, juu ya meza: SIRI YA SHUJAA INATEGEMEA ANALALA NA NANI. Anayelala peke yake anaweza kuificha. Anayelala na mwenzake lazima mwenzake ajue, au mwandishi amwongopee msomaji.

Mwanaidi nimemlaza chumba kimoja na bibi yake na mdogo wake wa miaka sita. Kitanda kimoja, godoro moja chini.

Jumapili, 15 Februari

Tumekaa na mpwa tukatengeneza ratiba ya Mwanaidi ya wiki nzima. Nilidhani ni kazi ya nusu saa. Tumeanza baada ya adhuhuri, tumemaliza taa zimewashwa.

Kuamka saa 11 alfajiri. Maji, kufagia uwanja, kumvalisha mdogo wake. Saa 12 na nusu baiskeli barabarani. Huu mji ni wa baiskeli na sikubali Mwanaidi apande daladala ambayo konda atamwacha kituoni kwa sababu ya nauli ya mwanafunzi. Namba mstarini, usafi, kengele. Vipindi vya dakika 40 hadi mchana. Masomo ya ziada. Kurudi, kula, kufua sare kwa sababu anayo moja na nusu (sketi mbili, shati moja, usiulize). Jioni anamsaidia mama kukaanga bajia barazani. Magharibi ndani. Isha. Kazi za nyumbani za masomo tisa kwa taa ya simu, na simu yenyewe ni ya mama.

Kilichobaki cha kuokoa dunia ni kuanzia saa 5 usiku hadi saa 10 alfajiri, na humo ndimo anamotakiwa alale.

Mpwa akapiga mstari mwekundu Jumamosi asubuhi. "Hapa anaweza." Nikamwambia majambazi hawasubiri Jumamosi. Akasema, "Basi achelewe namba, aadhibiwe. Lakini umchore akichelewa, usiruke."

Nilitaka pia awe na maficho kwenye mapango ya Amboni. Yanapendeza kuchora, chokaa imechongwa na maji, popo juu, na wazee wana hadithi za watu waliowahi kujificha mle. Mpwa akahesabu kilomita nane kwenda na nane kurudi kwa baiskeli, akanitazama tu. Amboni imefutwa.

Jumamosi, 21 Februari

Nilishuka Sahare, ufukweni, kutafuta nguvu za Mwanaidi. Mpaka juzi alikuwa na nguvu ya kawaida tu, anaogelea haraka na kunyanyua mashua. Hiyo ni nguvu ya mtu yeyote.

Tanga tuna samaki ambaye miji mingine ingemjengea sanamu. Silikanti. Dunia ilidhani ametoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Huku kwetu, miaka ya mwanzo ya 2000, alianza kunasa kwenye majarife, zile nyavu kubwa za papa zinazotegwa kina kirefu, akanasa tena na tena mpaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mtoto wa Tanga anaweza kumaliza sekondari bila kuuona hata mchoro wake.

Mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu aliniambia yeye amemwona mara moja, amelazwa kwenye mchanga, mkubwa kama mtoto wa darasa la saba. Nilimuuliza alikuwa na sura gani. Akaacha sindano, akanyoosha mikono miwili mbele, akaitikisa mmoja baada ya mwingine. "Mapezi yake yana nyama. Kama anataka kutembea." Hiyo mikono nimeichora palepale kwenye daftari, kabla hajaishusha.

Sasa kilichonifanya nirudi nyumbani mbio: mchana silikanti hujificha kwenye mapango chini ya bahari, usiku ndipo hutoka kuwinda. Na puani ana kiungo ambacho wataalamu wanaamini kinanasa umeme mdogo unaotoka kwenye miili ya viumbe wengine.

Nikaona Mwanaidi wangu amekamilika. Usiku anahisi moyo wa mvuvi aliyezama kabla ya kumwona. Mchana mwili wake unataka pango. Macho yanauma, kichwa kizito, shingo hailali vizuri ila kwenye dawati. Na mchana ndio wakati wa shule. Siku zote nilikuwa nawagombanisha shule na ushujaa kwa ratiba peke yake. Sasa ugomvi uko kwenye damu.

Alhamisi, 26 Februari

Vazi. Siku tatu nimehangaika na vazi.

Nguo ya kubana mwilini, hapana. Si kwa sababu ya maadili tu. Ataifua wapi na kuianika wapi? Kamba ya uani inaonekana na nyumba nne. Nikamvika ninja, yaani nikabu. Mpwa akakataa: "Itasemwa wanaovaa ninja wana mambo." Sawa.

Kanga ilikuwa jibu la wazi, na nikachora kurasa mbili za kanga ikipepea, nzuri mno. Mama yangu alipita nyuma yangu na sahani ya daku akasema, "Hiyo ina jina gani?" Nikamwambia bado sijaandika jina. Akacheka. "Basi ukiandika, mtaa mzima utajua ni ya nani. Kanga ya fulani mtu anaijua kwa jina na kwa kitobo cha mkaa."

Kweli kabisa. Kanga ni kitambulisho. Kwa hiyo Mwanaidi anajifunga kaniki ya bibi yake, nyeusi, haina maandishi, haina pindo la kumtaja mtu. Nilizaliwa nikiona kaniki kama nguo ya kazi na ya uzazi tu. Ukiipiga wino mwingi na kuacha mikunjo michache myeupe, inakula ukurasa.

Jumatatu, 9 Machi

Niliprinti kurasa kumi za mwanzo kwa majaribio mahali fulani mjini. Mashine imekata ukingo wa kulia kurasa zote, na viputo vinne vya maneno vimebaki nusu. Mwanaidi anasema "Bibi, nimec". Nimelipa, nimekaa kimya, nimerudi kuchora upya kwa kuacha ukingo wa sentimita mbili. Kosa langu nusu, lao nusu. Tuendelee.

Jumamosi, 14 Machi

Ukurasa wa 11 umenichukua wiki nzima na ninaupenda.

Hadithi nimeiweka ndani ya Ramadhani, kwa sababu ya ratiba. Mwezi wa kawaida, msichana akionekana njiani saa 8 usiku, asubuhi mama yake ana wageni watatu wa kumweleza. Ramadhani watu wanatembea, taa zinawaka, watoto wanapita na makopo wakiamsha watu kula daku. Anaweza kupita katikati ya watu na hakuna anayeuliza. Ni mwezi mmoja tu shujaa wangu ana ruhusa ya usiku, na toleo la pili litabidi litafute ujanja mwingine.

Ukurasa una visanduku sita. Cha kwanza ni komeo la mlango wa uani likinyanyuliwa kwa kidole kimoja, hakuna kitu kingine. Cha pili, nyayo mbili za maji kwenye sakafu ya saruji. Cha tatu ni kirefu, kinakata ukurasa mzima kwa upana: bibi amekaa kwenye kibao, ametupa mgongo, na mwanga wote wa chumba unatoka kwenye makaa ya jiko. Hageuki.

Cha nne: "Mke mwenzangu, Jumatatu una jaribio la nini?"

Cha tano ni uso wa Mwanaidi. Hakuna neno. Tone moja limening'inia kwenye kidevu. Nilichora tone hilo mara saba. Likiwa kubwa linakuwa chozi, na hapa halitakiwi kuwa chozi.

Cha sita, kidogo pembeni: "Fizikia." Na mkono wa bibi unasogeza beseni. "Kaniki weka humu. Mama yako anaamka sasa hivi."

Hapo mwanzo nilimwandikia bibi hotuba ya viputo vinane: anajua tangu lini, na yeye ujanani alikuwa nani, na wajibu, na nini. Nimefuta yote. Bibi anayejua hasemi anajua. Anauliza habari ya jaribio.

Jumanne, 31 Machi

Jaribio lenyewe. Mada ni umeme: mkondo, volti, ukinzani. Nilifurahi peke yangu kama mwizi. Huyu mtoto anauhisi umeme wa moyo wa mtu ng'ambo ya ukuta, na bado anapata 31 kati ya 100, kwa sababu alisinzia kipindi cha pili na kwa sababu maswali yamekuja kwa Kiingereza. Kuuhisi anauhisi kwa Kiswahili. Kuna kisanduku ambapo ameshika kalamu, juu ya kichwa chake nimechora kila mwanafunzi darasani na mistari midogo ya umeme inayomzunguka, yule mwoga inatetemeka, yule anayeibia inaruka. Anajua hali ya kila mtu humo ndani. Karatasi yake nyeupe.

Sasa mwalimu. Nimekulia kwenye nakala zilizochanika za *Sani*, gazeti la katuni, kinyozi alikuwa nazo rundo, na akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa walinifundisha kwamba katuni yetu huchekesha kwa mtu kupata kipigo. Kwa hiyo rafu ya kwanza mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo ndefu kuliko yeye, macho yametoka. Kanuni inasema viboko visizidi vinne, na si kila mwalimu ana ruhusa ya kuchapa; kwenye rafu yangu nilishapita kumi.

Mpwa hakucheka. Akasema, "Mwalimu wetu wa zamu anakuja na baiskeli kutoka Pongwe. Naye anasinzia." Akaendelea kula embe lake.

Nimechora upya. Mwalimu ni mama wa makamo mwenye matope kwenye pindo la sketi. Anamwita Mwanaidi baada ya kengele na kuuliza maswali matatu: unakula nyumbani, kuna mgonjwa, kuna mtu anakusumbua. Yote Mwanaidi anajibu hapana, na yote ni kweli. Mwalimu anaandika kitu kwenye daftari la mahudhurio, hatuonyeshwi nini. Huyu amenitisha kuliko yule wa fimbo. Fimbo unaweza kuikimbia. Mtu anayekuuliza kwa nia njema utamdanganya mara ngapi?

Jumamosi, 16 Mei

Masika yamenichelewesha. Duka linavuja juu ya meza, kurasa zote nimezihamishia kwa mama, chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa mchele.

Hali ya kazi: kurasa 17 zimepigwa wino, tatu za penseli, nne hazipo. Adui ameshapatikana, na si mtu mwenye joho. Ni mashua ya wavuvi wa baruti. Nimeiweka inalipua kunapopambazuka, wakati ambapo wenzake Mwanaidi wanahesabu namba mstarini. Kila mlipuko unampiga yeye mwilini kabla ya sauti kufika pwani, akiwa kwenye baiskeli, na lazima achague kona: kushoto shule, kulia bahari. Kwenye mashua yupo kaka wa msichana anayekaa naye dawati moja. Daftari za dada yake zinatoka kwenye samaki wale waliopasuka matumbo. Hapo nimekwama vizuri, yaani nimekwama mahali ninapopataka.

Swali lililobaki ni ukurasa wa 18: akienda baharini, anakosa mtihani wa mwisho wa muhula. Kwenye katuni nilizosoma, shujaa hukosa mtihani halafu toleo linalofuata maisha yanaendelea. Huku jina lake litabandikwa kwenye ubao wa matangazo, na nafasi ya ngapi kati ya wangapi, na mama atasomewa na jirani. Nataka kuchora lile karatasi la matokeo kwa ukubwa wa ukurasa mzima, majina yote yasomeke, na lake liko chini kabisa. Majina 60 kwa mkono. Nimeshafika 22.

Jana nilimpelekea mpwa kurasa 15 hadi 17. Alikuwa barazani na daftari la Kemia, miguu ndani ya ndoo ya maji ili asisinzie. Hakuzipokea.

"Mjomba, nina mitihani wiki mbili. Nikimaliza."

Nikamuuliza jambo moja tu, dakika moja: Mwanaidi akate kona ipi?

"Nikimaliza," akasema, akageuza ukurasa.